Naomba ushauri: polipropilini imeyeyuka yote, lakini bado "inakumbuka" fuwele zake

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa waliosomea polima au wanaofanya kazi za plastiki.

Napima polipropilini isotaktiki (plastiki ambayo vitawi vya minyororo ya molekuli zake vimepangika upande mmoja), isiyo na kichocheo cha viini (kiongezwa cha kuanzisha fuwele), kwenye kalorimita (mashine ya kupima joto linaloingia au kutoka kwenye sampuli). Inayeyuka kwenye nyuzi 165 za Selsiasi hivi. Nikiipasha hadi 200, nikaishikilia dakika 5, kisha nikaipoza kwa nyuzi 10 kila dakika, kilele cha kuganda (nyuzi ambapo inaganda kwa kasi zaidi) kinatokea karibu na 112. Nikiishia 167 kinapanda hadi kama 122, na kwa darubini fuwele zinaonekana ndogondogo na nyingi mno. Hapo sina shida: vipande vya fuwele vimebaki na vinafanya kazi ya viini.

Kinachonitatiza ni 170 hivi. Mchoro wa kupasha umesharudi kwenye mstari wake wa kawaida, yaani kuyeyuka kumekwisha, dalili ya fuwele hakuna, ila kilele bado kiko juu. Nikirefusha muda wa kushikilia kinashuka, lakini kwa uvivu wa ajabu. Nimebadilisha visahani vya sampuli na kusawazisha mashine upya kwa indiamu (metali ya kusawazishia), hali ni ileile.

Je, nitatofautishaje mabaki madogo ya fuwele na minyororo iliyoyeyuka kweli lakini haijasahau mpangilio wake? Na kabla ya kupima kasi ya kuganda, 200 kwa dakika 5 inatosha kufuta kumbukumbu hiyo? Kupanda hadi 220 naogopa minyororo itakatika, hata ndani ya naitrojeni.

Natanguliza shukrani.