PC ya kuhariri video: niunge vipande au ninunue iliyokamilika?

Kapeto_Mwz

Habari zenu wakuu. Natafuta kompyuta ya mezani ya kuhariri video za harusi na sendofu. Nipo Mwanza, programu ni Premiere Pro. Bajeti ni milioni 2.5 bila monita, hiyo ninayo.

Nimewekewa mezani njia tatu. Moja, Dell OptiPlex 7060 ya mtumba, ile nyembamba, i7-8700, RAM GB 16, na muuzaji anasema ataniongezea kadi ya grafiki. Mbili, kompyuta mpya ya dukani ya kampuni kubwa, i5 na RAM GB 8, waranti mwaka mmoja. Tatu, kununua vipande Kariakoo na kuunga. Naombeni ushauri wa wanaozijua hizi mashine, siyo "nunua laptop".

FundiSaketi

Mkuu, kabla ya yote taja kamera na aina ya faili unazorekodi. Kwenye Premiere kinachokwamisha taimulaini mara nyingi ni kufungua video iliyobanwa, na kila chipu ina aina za faili inazoweza kufungua na nyingine haiziwezi. Mtu anaweza kumwaga milioni tatu na picha ikaendelea kuruka.

Kuhusu hiyo njia ya kwanza, muuzaji anakupiga kamba. OptiPlex 7060 nyembamba ina pawasaplai ya wati 200 na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi itategemea umeme wa sloti peke yake, yaani wati 75, tena iwe kadi fupi ya nusu kimo. Hapo unabaki na GTX 1650 fupi au RTX 3050 ya GB 6, ambayo inakula wati 70. Zinafanya kazi, ila hutapanda zaidi ya hapo.

Na usidhani utabadilisha pawasaplai baadaye. Umbo lake si la kawaida, na plagi kuu ya madabodi siyo ile ya pini 24 inayouzwa kila duka. HP za ofisini zina ugonjwa huohuo. Adapta zipo, lakini lazima iwe ya modeli yako hasa, la sivyo unachoma bodi.

Kapeto_Mwz

Asante mkuu. Kamera ni mbili: Canon EOS 80D, hiyo ni 1080p tu, na Sony A7 IV narekodi 4K, 10-bit 4:2:2 (yenye taarifa nyingi zaidi za rangi). Faili za Canon zinatembea vizuri hata kwenye laptop ya sasa. Za Sony ndizo zinakwama.

FundiSaketi

Hapo sasa tunaongea. Hizo za 4:2:2 ndizo mwiba. Kadi za NVIDIA za RTX 20, 30 na 40 hazina saketi ya kuzifungua, kwa hiyo RTX 4060 na RTX 3060 zote zitamwachia prosesa kazi yote. Intel kuanzia kizazi cha 11 wameweka uwezo huo ndani ya grafiki ya prosesa yenyewe, lakini kwa H.265 tu (H.265 na H.264 ni njia za kubana video, yaani kodeki). Ile i7-8700 haimo, ni ya kizazi cha 8.

Kwenye A7 IV muundo wa XAVC HS ni H.265, na XAVC S ni H.264. Kama fremu unazotumia zinapatikana kwenye XAVC HS, rekodi humo, halafu chukua prosesa ya kizazi cha 12 yenye grafiki. i5-12400 inatosha: kori 6, nyuzi 12. Angalia herufi ya mwisho kabla hujatoa pesa. i5-12400F ni nafuu kidogo kwa sababu grafiki imezimwa, na kwako wewe grafiki hiyo ndiyo unayoifuata. Wauzaji wengi wanazichanganya, wengine kwa makusudi.

Ukishaweka kadi ya NVIDIA, madabodi nyingi huzima grafiki ya prosesa zenyewe. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya bodi), tafuta iGPU Multi-Monitor, iwashe, kisha weka draiva za Intel. Ndani ya Premiere, kwenye mipangilio ya Media, hakikisha Intel imewekewa tiki kwenye kufungua kwa hadiwea. Watu wengi wanaoruka hatua hii huishia kuilaumu prosesa.

Mzee_wa_Refu

Mimi napinga kidogo. Kuunga kulikuwa na maana sana RAM ilipokuwa bei ya karanga. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda vibaya, DDR4 na DDR5 zote, kwa sababu viwanda vimehamia kwenye memori za mitambo ya AI. Mashine ya mtumba inakuja na RAM yake ndani, na wauzaji wengi wa mtumba bado hawajapandisha kulingana na soko. Piga hesabu ya RAM GB 32 peke yake ulinganishe na mtumba mzima, utashangaa.

Ila chukua ya mnara, achana na nyembamba. Dell Precision 3630 yenye pawasaplai ya wati 460, kwa mfano. Iko pia ya wati 300 na kwa nje ni zilezile, kwa hiyo soma kibandiko cha pawasaplai, halafu fungua ubavu uangalie kama waya wa pini 6 au 8 wa kadi upo. Ina sloti nne za RAM, na leseni ya Windows mara nyingi imeshikana na bodi, hununui tena. Ukiunga mwenyewe leseni ni gharama nyingine ambayo watu hawaiweki kwenye bajeti.

Usishuke chini ya kizazi cha 8. Windows 11 rasmi haikubali prosesa za Intel za nyuma ya hapo, isipokuwa chache sana, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa hizo 4:2:2 tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za video. Ziache zijitengeneze usiku, asubuhi unahariri faili nyepesi za 1080p, na wakati wa kutoa kazi Premiere inarudi kwenye faili halisi. Kwa njia hiyo hata i7-8700 inafanya kazi ya harusi bila shida.

FundiSaketi

Proksi nakubali, lakini zinakula diski na muda. Mteja anayetaka klipu ya dakika moja ya Instagram usiku uleule hawezi kusubiri proksi.

dada_Renda

Nitoke Nairobi kidogo. Hamjataja RTX 5060. Familia ya RTX 50 ndiyo ya kwanza ya NVIDIA kufungua 4:2:2, H.265 na H.264 pia. Akiichomeka kwenye mnara wa mtumba wa Mzee, tatizo la kodeki linaisha bila kubadilisha prosesa wala mipangilio ya kamera. Inakula wati 145, inataka plagi moja ya pini 8, na NVIDIA wanapendekeza pawasaplai ya wati 550. Kwa hiyo kwenye wati 460 unabana, na mimi nisingemshauri mtu afanye hivyo kwenye mashine ya kazi. Kasoro nyingine ni memori GB 8. Ukirundika 4K, kupunguza chenga za picha na kurekebisha rangi kwa pamoja, RTX 3060 ya GB 12 inapumua vizuri zaidi.

Njia yako ya pili ifute kabisa. Mashine mpya ya bei hiyo huja na kijiti kimoja cha RAM GB 8, kwa hiyo memori inasoma kwa njia moja badala ya mbili. Pawasaplai ni ndogo, madabodi ni ya umbo la kampuni. Utalipia waranti, halafu utanunua RAM na kadi juu yake.

Ila kadi za mtumba kuwa nazo macho, Luthuli ya hapa Nairobi na Kariakoo ni kulekule. RTX 3060 zipo za GB 12 na za GB 8, na ya GB 8 ni dhaifu zaidi, siyo kwamba imepunguziwa memori tu. Zipo pia kadi za zamani zilizoandikwa upya BIOS yake zijitambulishe kwa jina kubwa. Beba flashi yenye GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, ifungue hapohapo dukani. Kadi ya uongo mara nyingi huandikiwa FAKE mbele ya jina. Kisha ibebeshe mzigo dakika 20, uangalie joto na usikilize feni. Iliyochimba kripto huwa na feni zinazokwaruza.

Kapeto_Mwz

Nimeanza kuegemea kuunga. Nipeni orodha basi, na mniambie wapi naweza kubana.

FundiSaketi

Prosesa i5-12400 bila F, na feni yake ya boksi inatosha. Madabodi B660 au B760, ya DDR4, mfano Gigabyte B760M DS3H DDR4. Soma hadi neno la mwisho, kwa sababu ziko za DDR5 zenye jina karibu sawa, na kijiti cha DDR4 hakiingii humo, mkato uko sehemu tofauti. RAM 2×16 GB ya 3200. Bajeti ikibana anza na 2×8, bora viwe viwili, na chukua bodi ya sloti nne ili uongeze baadaye. SSD ya NVMe (diski ya kasi) TB 1 kwa mfumo na kazi ya wiki hii, diski ya kawaida kwa kumbukumbu. Kadi RTX 3060 GB 12, na kwa bajeti yako huenda ikabidi iwe ya mtumba.

Kesi ndipo pa kubana. Chukua yoyote yenye wavu mbele, siyo kioo. Taa hazihariri video.

Pawasaplai usiibane hata kidogo. Hiyo inayokuja ndani ya kesi imeandikwa 500W, geuza usome mstari wa +12V. Ukikuta 18A, zidisha kwa 12, unapata wati 216. Hiyo ndiyo nguvu yake ya kweli kwa prosesa na kadi. Kadi peke yake ni 170, prosesa ikipanda inafika 117, umeshapita. Itawaka vizuri, itafungua Premiere vizuri, halafu itazima katikati ya kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika. Chukua wati 550 hadi 650 ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus Bronze. Ikiwa ina swichi nyekundu nyuma, hakikisha inasoma 230, siyo 115. Ukiwasha ikiwa kwenye 115 utasikia mlio mmoja na harufu.

Mzee_wa_Refu

Na UPS. Ile ya 650VA kwa kawaida haifiki wati 400, na yeye akirenda anakaribia 350 kabla ya monita. Achukue 1200VA. Ajue pia kwamba pawasaplai nyingine nzuri hazielewani na UPS za bei rahisi, umeme ukikatika mashine inazima ingawa betri imejaa. Ijaribiwe: renda, kisha chomoa UPS ukutani. Kama huna hela ya UPS na kompyuta kwa pamoja, punguza kwenye kadi.

Kapeto_Mwz

Sawa kabisa. La mwisho: niungiwe Dar nitumiwe kwa basi, au nitumiwe vipande niunge mwenyewe? Bisibisi naijua.

FundiSaketi

Omba duka liunge, lijaribu, likurushie video ikiwa inarenda, halafu wachomoe kadi na kuifunga kwenye boksi lake. Kadi ikisafiri ndani ya kesi kutoka Dar mpaka Mwanza, matuta yote yanaishia kwenye sloti moja ya plastiki. Utapokea bodi iliyovunjika sloti, na duka litasema ilitoka nzima. Feni ya boksi ni nyepesi, ibaki. Risiti iandike kila kipande na namba yake, kwa sababu mashine ya kuungwa haina waranti moja, kila kipande kina yake.

Ukiamua kuunga mwenyewe, anza nje ya kesi, bodi ikiwa juu ya boksi lake. Kwenye LGA1700, soketi ya prosesa hii, pini ziko kwenye bodi, si kwenye prosesa. Linganisha pembetatu ya kona, iweke bila kuikandamiza, funga mkono wa chuma. Mkono ni mgumu na unatisha, ndivyo ulivyo. Pini ikipinda waranti imekwenda. RAM ziingie sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Feni ya Intel ina ncha nne, bonyeza kwa mshazari mpaka kila moja ilie "tiki", kisha angalia nyuma ya bodi kama zote zimetokeza. Ncha moja ikilegea prosesa inafika nyuzijoto 100 na kujipunguza mwendo.

Washa ukiwa na plagi ya pini 24 na ile ya prosesa ya pini 8 tu, monita kwenye bodi. Plagi ya prosesa imeandikwa CPU na ya kadi imeandikwa PCIe. Zinafanana, usilazimishe. Ikionyesha BIOS, ndipo uingize kwenye kesi. Hesabu vinguzo vya shaba vinavyobeba bodi ndani ya kesi vilingane na matundu ya bodi, maana kimoja kilichobaki pasipo na tundu kinapiga shoti. Bati la nyuma kwanza, bodi baadaye. Mwisho washa XMP (mpangilio wa BIOS wa mwendo wa RAM), la sivyo RAM ya 3200 huenda ikatembea chini ya hapo, na iache MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha kabla hujaweka kazi ya mteja.

dada_Renda

Nyongeza moja: ukirudisha kadi na ukakuta skrini nyeusi, hamisha kwanza waya wa HDMI kutoka kwenye madabodi uende kwenye kadi, kisha angalia kama plagi ya pini 8 imezama yote. Ukimaliza hayo mawili ndipo umpigie muuzaji.