Gari gani, ndege gani, kinastahili makala yake kwenye kamusi elezo?

mwalimu_makole (Jumatano, saa 2:14 usiku)

Habari za jioni wanajamvi. Nimekwama, na nahitaji mawazo yenu kabla ya Jumamosi.

Nafundisha historia sekondari hapa Dodoma. Kila Jumamosi asubuhi nakaa na wanafunzi 12 tunaandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo ya mtandaoni. Kompyuta ziko 4, intaneti natoa kwenye simu yangu. Muhula huu wamechagua wenyewe kuandika vyombo vya usafiri, nikamwambia kila mmoja aje na jina la chombo anachoona kinastahili ukurasa wake.

Daftari limejaa. Shangingi. Kirikuu. Haisi. Mchongoko, ile treni ya umeme ya SGR. Airbus ya Air Tanzania yenye jina la "Dodoma". Zile ndege za Q400 za pangaboi. Lori la Nyumbu. MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Treni ya Igandu. Halafu kijana mmoja wa kidato cha pili kaleta basi. Si aina ya basi, ni basi lenyewe, na namba zake kaziandika, linalotoka stendi ya Nzuguni alfajiri kwenda Kondoa. Ndilo linalompeleka kwao kila likizo.

Nilianza kupitisha kwa kuangalia tu. Basi la Kondoa nikalikata, Nyumbu nikaipitisha. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hilo basi Kondoa nzima wanalijua. Nyumbu humu ndani nani ameshaiona?" Hakuna aliyenyoosha kidole. Nikamwambia nitamjibu wiki ijayo, na wiki yenyewe ndiyo hii.

Na mimi nina langu. Kwa babu yangu Kongwa, mlangoni mwa zizi la mbuzi, kuna kipande cha chuma kinachozuia mlango usifunguke na upepo. Urefu wake ni kama kutoka kiwiko hadi kwenye vidole, kina matundu ya pini pande mbili, kingo zimelika mpaka zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Utotoni tulikuwa tunashindana nani atakinyanyua. Babu alikuwa akisema kimetoka kwenye "kifaru kilicholima". Tuliona ni hadithi za wazee. Nimekuja kusoma nikiwa mtu mzima kwamba Waingereza walipoanzisha mpango wa karanga Kongwa mwaka 1947, matrekta hayakutosha, na kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Kimarekani aina ya Sherman vilivyobaki kwenye vita ikavigeuza kuwa matrekta. Wakayaita Shervick, yaani Sherman na Vickers pamoja. Yakaletwa Tanganyika kung'oa pori. Nataka Shervick iwe na makala yake kwa Kiswahili, na nataka kiandikwe na kile chuma cha babu.

Sasa nipeni kipimo. Siyo "naona" na "sioni". Kipimo ambacho mtoto wa kidato cha pili akikishika anaweza kukata mwenyewe, hata mimi nisipokuwepo.

dereva_mstaafu (saa 2:51 usiku)

Mwalimu, haisi isikose. Toyota wameanza kuitengeneza mwaka 1967. Nchi hii imebebwa na haisi, kuanzia wagonjwa, maharusi, maiti mpaka wanafunzi. Mimi nimeendesha miaka 19, njia ya mjini kwenda Veyula. Kama gari hilo halistahili kuandikwa basi hakuna linalostahili.

mhariri_kizota (saa 4:05 usiku)

Mwalimu, swali la huyo binti ndilo swali lenyewe, na inafaa umwambie hivyo mbele ya wenzake.

Kamusi elezo haihesabu watu wanaokijua chombo. Inauliza: kuna mtu asiyekiuza, asiyekimiliki na asiyelipwa nacho, ambaye amekaa akakiandika kwa kina, mahali penye mhariri wa kuwajibika? Tangazo la muuzaji halimo. Kijitabu kinachokuja na gari hakimo. Bei za magari ya mnadani hazimo. Basi la Kondoa linajulikana kweli, lakini yanayojulikana yako vichwani mwa abiria, na msomaji aliyeko Kigoma hawezi kwenda kuyakagua. Nyumbu darasani kwako hawajaiona, lakini juhudi za jeshi letu kuunda lori lake pale Kibaha zimeandikwa na watu wa nje ya kituo chenyewe. Ukitaka kuzisoma, unazipata.

Mimi mwenyewe huwa napima kwa karatasi. Mpe kila mtoto moja. Aandike sentensi 10 kuhusu chombo chake, na kando ya kila sentensi aandike ameitoa wapi. Akifika 10 bila kujirudia na bila kuokota zote mahali pamoja, ana makala. Akikwama kwenye ya 3, ana aya nzuri ya kuweka ndani ya makala nyingine. Wala hajashindwa. Ile aya itasomwa na watu wengi kuliko ukurasa mkavu wa mistari miwili.

Sasa tuje kwenye daftari lako, maana humo mmechanganya vitu vya aina tofauti.

Airbus yenye jina la "Dodoma" ni ndege moja. A220-300 ni aina ya ndege. Aina ndiyo yenye makala, na kisa chake ni kitamu: iliundwa na Bombardier wa Kanada ikiitwa CS300, Airbus wakaingia kwenye mradi, na Julai 2018 wakaipa jina la A220. Air Tanzania wakaipokea ya kwanza Desemba mwaka huohuo, wakawa shirika la kwanza Afrika kuirusha. Kwa hiyo ni ukurasa mmoja, na jina la zamani linaelekezwa hapo. Usije ukaruhusu watoto wawili waandike makala mbili za ndege moja kwa sababu ya majina mawili. Ndege yetu yenye jina la mji iingie kwa sentensi yake kwenye makala ya Air Tanzania. Pangaboi nayo ni hivyohivyo: Q400 ni tawi la Dash 8, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1983. Anza na Dash 8. Sehemu ya Q400 ikirefuka mpaka ikamsumbua msomaji, hapo ndipo mnaitoa ijitegemee.

Ndege moja moja nazo zipo zenye makala. B-29, ndege za Kimarekani za kudondosha mabomu, zilitengenezwa 3,970. Yenye jina linalokumbukwa dunia nzima ni Enola Gay, iliyodondosha bomu Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Zote ni za muundo uleule, ila ile moja ilifanya jambo ambalo vitabu vimeliandika kwa kuitaja yenyewe.

Kirikuu hapo kuna mtego. Wengi tunaposema kirikuu tuna maana ya Suzuki Carry, iliyoanza mwaka 1961. Lakini simama pale sokoni Majengo uone watu wanavyoita kirikuu hata Hijet ya Daihatsu. Ukiliunganisha jina moja kwa moja na Suzuki umemdanganya msomaji. Shangingi ni mbaya zaidi, maana hilo ni neno la watu kwa gari kubwa la wakubwa, hasa Land Cruiser. Maana ya neno ni kazi ya kamusi. Makala iwe ya Toyota Land Cruiser, na neno la mtaani lielezwe humo.

Na mzee dereva, haisi imepita bila kupingwa.

mwalimu_makole (saa 4:22 usiku)

Karatasi na sentensi 10 nimeichukua. Hiyo mtoto anaishika.

Shangingi sikubali moja kwa moja. Mtoto aliyelileta si mjinga. Mwaka mzima anaona misafara ikienda Mtumba kwenye mji wa serikali, anasikia mjadala wa matumizi ya serikali na magari hayo. Hicho anachotaka kuandika hakimo kwenye historia ya Toyota.

mhariri_kizota (saa 4:40 usiku)

Basi apewe karatasi kama wengine. Akipata maandishi yanayojadili neno lenyewe na siasa zake, hiyo itakuwa makala ya jambo la kijamii na mimi nitamsaidia kuisafisha. Akiishia kupata picha za magari, arudi kwenye Land Cruiser.

reli_ya_kati (Alhamisi, saa 12:10 asubuhi)

Mwalimu, mimi ni mstaafu wa reli, naomba niseme mawili.

La kwanza, Igandu. Usimwambie huyo mtoto aandike treni. Lile lilikuwa treni la abiria la kawaida, injini na mabehewa yaleyale tuliyokuwa tunayapanga kila siku. Makala ni ya ajali: tarehe 24 Juni 2002, treni lilishindwa kupanda kilima, likarudi nyuma kwa kasi mpaka likagongana na treni la mizigo. Watu 281 walikufa. Chombo kisifichwe ndani ya tukio, na tukio lisiitwe chombo. Ndege ya Precision Air iliyoanguka Bukoba, Novemba 2022, ni hivyohivyo: ajali ina ukurasa wake, na ATR 42 kama aina ya ndege ina wake.

La pili, Liemba. Hiyo hata karatasi msiisumbue. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafumuliwa, ikafungashwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli. Kutoka hapo ilipanda reli. Reli ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo meli nzima imepita Dodoma ikiwa vipandevipande, hapa hapa stesheni ya zamani, ikienda kuunganishwa Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli yenye maisha kama hayo haihitaji kubebwa na makala ya aina yoyote.

Watoto waambieni kuhusu masanduku. Wapelekeni stesheni wasimame pale relini.

mwalimu_makole (saa 1:35 usiku)

Mzee wangu shikamoo, na asante sana. Binti aliyeleta treni ya Igandu ndiye yule aliyeniuliza swali. Mama yake mkubwa alikuwa kwenye treni hilo. Yeye alikuwa hajazaliwa. Nimemweleza leo wakati wa mapumziko kwamba makala itakuwa ya ajali, na kwamba jina la mama mkubwa halitaingia kwa sababu makala ya namna hiyo haibebi jina la kila marehemu. Alikaa kimya kidogo, akauliza kama anaweza kuandika idadi. Nikamwambia idadi ndiyo sentensi ya kwanza.

Stesheni tutakwenda.

Bado Shervick. Nimejifanyia mtihani wa karatasi jana usiku, nimefika sentensi 8 kwenye vitabu viwili vya historia. Ya 9 na ya 10 ni za chuma cha babu.

mhariri_kizota (saa 2:20 usiku)

Mwalimu, hili nalisema kwa heshima, najua ni la nyumbani. Chuma cha babu kitoe.

Kongwa ile haikuwa na Shervick peke yake. Kulikuwa na matrekta ya minyororo ya kila namna, mabuldoza yaliyonunuliwa kwenye mabaki ya vita. Udongo wa pale kiangazi unakuwa kama saruji, na mibuyu ile haikung'oka kirahisi, kwa hiyo vyuma vilikatika kila siku. Kipande kimoja chenye matundu ya pini kinaweza kuwa cha chochote kati ya hivyo. Babu hakusema uongo. Lakini wewe na mimi hatuwezi kuthibitisha, na msomaji wa Mbeya hawezi kabisa. Hizo 8 zako zinatosha kuwa sehemu nzito ndani ya makala ya mpango wa karanga. Ianzie hapo.

mwalimu_makole (saa 3:02 usiku)

Nimesoma jibu lako mara mbili, nikatoka nje kidogo, nikarudi.

Umesema kweli kuhusu chuma. Mwanafunzi wangu angeniletea kitu kama hicho ningemkatalia palepale, na nisingemuuliza ni cha babu wa nani. Nimezifuta zile mbili.

Ila kuiweka Shervick ndani ya mpango wa karanga tu, hapo sijakubali. Ukiiweka humo inakuwa mfano mmojawapo wa mambo yaliyoshindikana, basi, mpango ukafungwa 1951 na yenyewe ikaishia hapo. Ukiiweka kwenye makala ya kifaru cha Sherman inakuwa mstari wa mwisho kabisa, baada ya vita vyote. Wakati ni mashine iliyobuniwa upya, kwa kazi nyingine, ikaletwa kwetu. Naomba wiki 3. Kuna maktaba nitakayokwenda Dar es Salaam wakati wa likizo fupi. Nikipata sentensi 2 za kweli, ukurasa unasimama wenyewe. Nisipopata, nitaiweka unaposema wewe.

Kuhusu chuma, nilimpigia mdogo wangu Kongwa akanipigia picha. Ameniambia upande unaogusa ardhi kuna alama zimechorwa ndani ya chuma, kama herufi mbili na tarakimu, lakini kutu imezijaza. Tangu utoto sijawahi kukigeuza. Picha nimeiweka hapo chini. Kuna mtu hapa anaweza kusoma alama za namna hiyo?

dereva_mstaafu (saa 3:30 usiku)

Nimeikuza picha, tarakimu ya kwanza naona kama 6 au 8, siwezi kuapa. Mwambie mdogo wako asipige nyundo na asitumie brashi ya waya, ataila ile michoro. Akiloweke kwenye mafuta ya taa usiku mzima, asubuhi asugue na brashi ya kufulia, taratibu, kisha apake unga wa chaki na kufuta juu juu. Chaki itabaki ndani ya herufi. Apige picha nyingine jua likiwa la pembeni, saa moja asubuhi hivi, siyo saa sita.