Samaki za sambaza zimemkojoza Ombeni

Kikundi: PARSELE YA KOKO (kiwanja cha bibi yetu, Goma–Bukavu)

JUMAMOSI

07:12 Mama Ombeni: Jambo familia. Nani amehamisha poti ya kijani ya kukojolea? Mutoto anazunguka nyumba nzima ameshika kaptula, mimi naitafuta kama natafuta simu.

07:13 Sifa: Iko chini ya meza. Amani alitia makala ya kupikia humo jana.

07:13 Amani: Makala kidogo tu. Ndoo ilikuwa imepasuka.

07:14 Mama Ombeni: Amani!!! Wiki mbili namufundisha mutoto kama hicho njo kiti chake, wewe unakigeuza gunia.

07:16 Mama Ombeni: Basi. Amekojolea mkeka. Sifa lete kitambaa, na usichukue maji ya ile bido (dumu) ya kunywa.

07:31 Tonto Bahati: Miaka miwili na miezi mitatu bado anakojolea mkeka? Mimi kwa mwaka mmoja nilikuwa nimemaliza hayo mambo.

07:33 Koko (sauti, Sifa ameandika): Nani amekudanganya? Wewe Bahati ulikojolea kitanda mpaka ukaanza shule. Kila asubuhi naanika godoro juu ya mawe, jirani wote wanaliangalia. Usinifanye niendelee.

07:33 Amani: 😂😂😂

07:34 Tonto Bahati: Sifa, ni lazima uandike yote Koko anasema?

12:40 Sifa: Jamani, mambo imefika jikoni. Nimetia sambaza kwenye mafuta, mafuta yakapiga shhhhhh. Ombeni alikuwa mlangoni na kipande chake cha muhogo. Ghafla akasimama tu, akaangalia miguu yake, maji yakashuka. Hata hakulia. Alishangaa kama mutu ambaye bomba imepasukia mbele yake.

12:41 Sifa: Na jana vilevile, nilipomimina maji toka kwa bido.

12:42 Mama Ombeni: Koko...

12:45 Koko (sauti): Ndiyo, ni mimi. Tangu ana miezi minne ninamushika juu ya beseni, ninamwambia shhhh. Ninyi wote mulikojoa kwa hiyo shhhh. Mimi sina kosa, mafuta njo yananiiga.

13:02 Tantini Zawadi: Jambo toka Bukavu, nimetoka zamu sasa hivi, nimecheka mpaka wagonjwa wameniangalia. Koko hakukosea. Ila mutoto amezoea kufunguliwa na sauti, bado hajajua kusikia tumbo lake mwenyewe. Mama Ombeni, anaweza kukaa mkavu saa mbili?

13:05 Mama Ombeni: Ndiyo. Akiamka usingizi wa mchana, pampasi mara nyingi ni kavu.

13:06 Tantini Zawadi: Na haja kubwa, anajificha?

13:06 Sifa: Nyuma ya gunia la muchele. Ukisikia nyumba imenyamaza, ujue.

13:09 Tantini Zawadi: Basi yuko tayari. Wengi wanaanza kati ya miezi 18 na miaka 3, Tonto Bahati asitusumbue. Sasa niambieni: humo ndani muko watu kumi na moja. Kila mutu anaita kukojoa namna gani?

13:10 Mama Ombeni: Pipi.

13:10 Koko (sauti): Kojo.

13:11 Amani: Susu.

13:12 Tonto Bahati: Aaah! Ndiyo maana jana alikuja kwangu anasema susu, susu. Nilifikiri anaita ule paka wa jirani. Nikamupeleka kumuona paka.

13:12 Mama Ombeni: Na akakojoa wapi?

13:13 Tonto Bahati: Juu ya kiti cha moto yangu, ile pikipiki.

13:15 Tantini Zawadi: Munaona sasa? Mutoto anasema, ni ninyi hamusikii. Chagueni neno moja.

13:17 Koko (sauti): Kojo. Na ile ingine ni mavi.

13:17 Mama Ombeni: Koko, hata mbele ya wageni?

13:18 Koko (sauti): Wageni nao wanaenda.

13:24 Tantini Zawadi: Akimaliza kula, ngojeni dakika 15 au 20, mumuketishe. Tumbo likijaa, linasukuma utumbo, hiyo ni saa nzuri. Dakika chache tu, miguu ikanyage chini. Akikataa, mumuache. Mukimulazimisha atabana, mavi yatakuwa magumu, yatamuumiza, kisha ataogopa poti yenyewe. Na usiku musimuguse, pampasi ya usiku ibaki. Kuna wa miaka minne, mitano bado wanalowesha kitanda na hawana ugonjwa.

13:25 Tonto Bahati: Umesikia, Koko? Sikuwa na ugonjwa.

13:26 Tantini Zawadi: Ingine. Poti munamwaga wapi?

13:29 Sifa: ... mtaroni.

13:29 Amani: Mavi ya mutoto haina kitu. Anakula uji tu.

13:33 Tantini Zawadi: Iko na kila kitu! Ndani ya choo, Sifa, hata yale maji ya kuoshea poti. Kisha mikono na sabuni, yako na ya Ombeni. Sabuni ikiisha, majivu.

13:41 Koko (sauti): Amani, sikiliza. Mwaka 1994 kipindupindu kiliingia hapa Goma. Niliona watu wamelala kando ya barabara, mikeka imewafunika, na watoto walikuwa wengi. Lile shimo la choo baba yenu na wadogo zake walilichonga kwa nyundo, juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, sentimita kwa sentimita. Mikono ilitoka damu. Hawakulichonga kusudi wewe umwage mtaroni.

13:43 Amani: Pardo Koko. Nimesikia.

13:44 Sifa: Ila Ombeni mwenyewe asipelekwe kule, lile shimo linamutisha.

13:45 Mama Ombeni: Njo maana nataka poti ikae PAHALI PAMOJA. Kando ya mlango. Hakuna makala.

JUMAPILI

12:36 Sifa: Natia sambaza. Nani amemushika Ombeni?

12:37 Mama Ombeni: Hakuna. Mumuache tuone.

12:39 Sifa: Shhhhh imepiga. Ameshika kaptula. Amesema KOJO, kwa sauti kubwa!! Anakimbia kwa poti.

12:39 Tantini Zawadi: Ehe?

12:40 Sifa: Poti imejaa uzi wa kushona.

12:40 Mama Ombeni: AMANIIII

12:40 Amani: Siyo mimi!! Niko kanisani!

12:42 Koko (sauti): Ni uzi wangu. Niliona kimekauka, kiko tupu.

12:43 Mama Ombeni: Sasa mutoto?

12:44 Sifa: Amekaa juu ya uzi. Amekojoa. Amesimama, anajipigia makofi. Sambaza zinaungua, nakuja.

12:45 Koko (sauti): Mumupigie makofi na ninyi. Uzi utafuliwa.