Odoo: loti iliyopakiwa siyo iliyoandikwa kwenye PICK, sasa WH/Output inasoma hasi 25

stoo_vingunguti

Wakuu, habari za kazi. Godauni ni la dawa, lipo Vingunguti, mfumo ni Odoo 17, programu ya kuendesha stoo na mauzo. Mzigo unatoka kwa hatua mbili: hati ya PICK inautoa kwenye rafu (WH/Stock) kwenda eneo la kupakilia (WH/Output), halafu hati ya OUT inaupeleka kwa mteja. Bidhaa yenye mgogoro ni sirapu ya paracetamol ya 100 ml. Inafuatiliwa kwa loti, yaani namba ya bechi, na kategoria yake imewekwa FEFO, yaani inayoisha muda mapema ndiyo itoke kwanza.

Kabla ya tatizo, WH/Stock ilikuwa na loti mbili: K114 katoni 60, inaisha muda Januari 2027, na K131 katoni 90, inaisha Juni 2027. Ikaingia oda ya Morogoro ya katoni 40. Mfumo ukachagua K114 zote 40, PICK ikathibitishwa hivyo hivyo, kumbe kilichoshushwa kwenye rafu ni K131. Gari la kwanza limeondoka na 25, na 15 zimebaki kwenye OUT ya pili ambayo haijathibitishwa. Kugundulika ni wakati wa kuhesabu, gari limeshavuka mizani ya Vigwaza.

Ofisini wakafungua OUT ya kwanza kwa Unlock (kitufe cha kufungua hati iliyokwisha ili irekebishwe), wakabadilisha loti kutoka K114 kuwa K131. Mfumo ulikubali bila kelele. Sasa WH/Output inasoma K114 katoni 40 na K131 hasi 25, wakati pale chini zipo K131 katoni 15 tu. OUT ya pili imeng'ang'ania K114. Juu ya hapo kuna oda ya Tanga ya katoni 100 ambayo imeshashikilia K114 20 na K131 80. PICK yake haijaguswa.

Je, niingize marekebisho ya hesabu ya stoo kuifuta ile hasi, au kuna njia safi zaidi? Invoisi ya zile 25 imetoka na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) imeshapigwa.

---

fundi_mifumo

Marekebisho ya hesabu yaache kabisa, mkuu. Mfumo haujapoteza hata katoni moja. PICK inadai iliingiza K114 40 kwenye Output, OUT inadai ilitoa K131 25. Zilizoingia hazijatoka, na zilizotoka hazijawahi kuingia. Kubadilisha loti kwenye OUT kulikuwa sahihi, ila ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki iko PICK. Ukitaka kufanya vizuri unaanza PICK ndipo unakuja OUT. Kwa kuwa OUT imeshabadilishwa, iache ilivyo.

Fanya hivi. Fungua OUT ya pili, bonyeza Unreserve ili iachie zile K114 15. Fanya hivyo hivyo kwa PICK ya Tanga. Usiruke hatua hii. Ukibadilisha loti kwenye hati iliyokwisha wakati mzigo umeshikiliwa na oda nyingine, Odoo itajitafutia yenyewe pa kunyang'anya, na utajua oda ipi imenyang'anywa siku mpakiaji atakapokosa mzigo.

Sasa nenda kwenye PICK ya Morogoro. Unahitaji haki za msimamizi wa stoo, la sivyo Unlock hutaiona. Kulingana na toleo, iko juu ya fomu au ndani ya menyu ya gia. Ifungue, ingia kwenye maelezo ya kina ya mstari wa sirapu, badilisha K114 kuwa K131 kwa katoni zote 40, hifadhi, kisha uifunge tena. Usiguse idadi wala eneo.

Kabla hujaendelea, hakiki namba. Lazima zisome hivi:

WH/Stock: K114 60, K131 50.
WH/Output: K114 haipo, K131 15.
Kwa mteja: K131 25.

Jumla ni katoni 150, zile zile ulizoanza nazo. Kama Output bado ina hasi, kuna mstari wa pili kwenye PICK ulioachwa. Usisonge mbele mpaka uupate.

Namba zikikaa sawa, rudi OUT ya pili, bonyeza Check Availability. Itashika K131 15. Halafu Tanga: kwa FEFO itachukua K114 60 na K131 40, na utabakiwa na K131 10 zisizo na mwenyewe. Chapisha upya karatasi ya PICK ya Tanga. Ile ya zamani inasema 20 na 80, na ikibaki mezani mtarudi hapa hapa wiki ijayo.

Kwa nini nakataa marekebisho ya hesabu: OUT imefungwa kwa mnyororo na PICK yake. OUT inapotafuta mzigo haiangalii kila kilichopo Output. Inaangalia loti ambazo PICK yake ilizileta, ikiondoa zile ambazo OUT nyingine za PICK hiyo zimeshazipeleka. Ukipandisha K131 na kushusha K114 kwa marekebisho, rafu zitasoma vizuri, lakini PICK bado itasema imeleta K114. OUT ya pili itaitafuta K114 Output, haitaikuta, itabaki inasubiri huku K131 15 zimekaa mbele ya macho yako. Pia kila mstari wa marekebisho ni faida au hasara ya stoo, na kama uthamini wa stoo ni wa moja kwa moja, mhasibu atakuja kuuliza katoni 40 za hasara zimetoka wapi.

Kuhusu EFD, hakuna cha kurudisha TRA kama bidhaa, idadi na bei ni zile zile. Invoisi ya Odoo ichapishe upya endapo mmewasha mpangilio wa kuonyesha loti kwenye invoisi. Namba hizo zinasomwa kutoka kwenye mzigo uliotoka, kwa hiyo nakala mpya itatoka na K131.

---

mfamasia_ghala

Naongezea upande wa dawa, maana hapa tunazungumzia kitu ambacho TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanaweza kukiulizia. Bechi ikitakiwa kurudishwa kutoka sokoni, swali la kwanza ni nani alipewa bechi ipi na ngapi. Mteja wa Morogoro ana delivari noti iliyoandikwa K114 na katoni zilizoandikwa K131. Mfumo wako ukishakaa sawa, karatasi yake bado ni ya uongo. Mtumie delivari noti mpya, asaini, uiambatanishe na ile ya zamani pamoja na maelezo mafupi ya nani alibadilisha na kwa nini. Ya zamani usiichane.

Wapo wanaopinga Unlock kwa hoja kwamba inafuta historia, wakataka urudishe mzigo kwa hati ya marejesho kisha utoe upya. Hiyo ni sawa kama mzigo umerudi kweli. Kama katoni ziko Morogoro, hati ya marejesho inasema kitu ambacho hakikutokea, na mkaguzi akiuliza gari lililozirudisha huna. Unlock haifuti chochote kimya kimya: ukibadilisha loti kwenye hati iliyokwisha, Odoo inaandika chini ya hati hiyo loti ya zamani, loti mpya, mtumiaji na saa. Ongeza na wewe sentensi moja ya sababu pale pale.

Kisha fungua ripoti ya ufuatiliaji ya K131 na ya K114, zote mbili. K114 isionyeshe Morogoro popote.

---

stoo_vingunguti

Namba zimekaa kama ulivyoandika, OUT ya pili imeshika K131 15. Ahsanteni sana. Mawili yamebaki. Kama kati ya zile 25 ingekuwa 20 ni K131 na 5 ni K114, mstari mmoja ungebadilishwaje? Na loti iliyokosewa tangu mapokezi, mfano iliandikwa K1O7 kwa herufi O badala ya sifuri, inafuata njia hii hii?

---

fundi_mifumo

La mgawanyo: kwenye OUT ya zile 25, punguza mstari wa K114 ubaki 5, ongeza mstari mpya wa K131 20. Anza na kupunguza ndipo uongeze, na kwenye PICK nako hamisha zile 20 kutoka K114 kwenda K131, pamoja na zozote kati ya zile 15 zilizobaki ambazo ni K131. Kumbuka hati iliyokwisha haina kitufe cha kuthibitisha tena. Mara tu unapohifadhi, stoo imeshabadilika.

La K1O7 ni jepesi zaidi. Kama katoni zote za loti hiyo ni K107, huhitaji kufungua hati yoyote. Nenda kwenye orodha ya loti, fungua K1O7, sahihisha jina. Mapokezi, uhamisho na mauzo yake yote yatafuata, kwa sababu hati zinashika rekodi ya loti, jina ni lebo tu. Kuna vikwazo viwili. Ikiwa K107 sahihi imeshasajiliwa kwa bidhaa hiyo hiyo, mfumo utakataa, maana jina la loti halirudiwi ndani ya bidhaa moja na kampuni moja. Hapo inabidi ufungue mapokezi yenyewe na kila hati iliyofuata, kuanzia ya kwanza kwenda mbele. Cha pili, ikiwa sehemu tu ya katoni ndiyo iliyokosewa, usibadilishe jina kamwe, utaharibu na zile zilizo sahihi.

---

mfamasia_ghala

Na ukiwa kwenye rekodi ya loti, angalia tarehe ya kuisha muda. Inakaa pale, kwenye loti. Loti inapoundwa wakati wa mapokezi bila tarehe kuandikwa, Odoo inachukua siku ya mapokezi na kuongeza idadi ya siku iliyowekwa kwenye bidhaa. Ukiwa umeweka siku 730, kila bechi itaonekana ina miaka miwili mbele, hata iliyobakiza miezi tisa. Tarehe ikiwa ya kubuni, FEFO nayo inapanga kwa kubuni: mfumo unasema toa hii, anayesoma katoni anaona nyingine ndiyo inayokaribia kuisha, anabeba anayoona yeye. Binafsi naona magodauni mengi yanalaumu wapakiaji kwa jambo lililoanzia kwenye dawati la mapokezi.

---

fundi_mifumo

Kweli kabisa. Mwishoni, vitu viwili kwenye mipangilio ya aina za operesheni. Kwenye PICK na OUT, zima ruhusa ya kuunda loti mpya, bakiza ya kutumia zilizopo. Ikiwa wazi, mtu akiandika K13I badala ya K131, mfumo unaunda loti ya tatu na kuitoa ikiwa hasi. Kwenye mapokezi iache wazi, maana bechi mpya zinazaliwa pale.

Cha pili ni skana. Kama mna toleo la kulipia lenye programu ya baakodi, weka kuskani loti kuwe lazima kwenye PICK. Katoni nyingi za dawa zina msimbo wa GS1, mpangilio wa kimataifa wa baakodi ambao kila taarifa inatanguliwa na tarakimu zake: 01 ni namba ya bidhaa, 17 ni tarehe ya kuisha kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, 10 ni bechi. Jaribu katoni tatu nne za viwanda tofauti kwanza. Namba ya bechi haina urefu maalum, kwa hiyo isipokuwa ya mwisho kwenye msimbo lazima ifuatwe na alama ya kitenganishi. Skana isiyoipeleka alama hiyo itaunganisha bechi na tarakimu zinazofuata, na mfumo utasema loti haipo.