Tupeane uzoefu: podikasti inayoishi kwa michango ya wasikilizaji walio mbali

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wanaoendesha podikasti isiyo na matangazo, inayochangiwa na wasikilizaji waliotawanyika huku na kule. Tuweke mambo ya kufanyia kazi. Naanza na makato.

Kwa Stripe (kampuni inayopokea malipo ya kadi), kiwango cha kawaida cha kadi mtandaoni kwa akaunti ya Marekani ni 2.9% na senti 30 juu yake, kila muamala. Mtu akitoa dola 1 kwa mwezi, zinakufikia kama senti 67. Miezi 12 unapata takriban dola 8.05. Huyohuyo akilipa dola 12 kwa mkupuo, unapata 11.35. Zinazoumiza ni zile senti 30. Wa dola 1 au 2 waombeni walipe kwa mwaka, wa dola 10 achaneni naye alipe apendavyo.

---

Mkuu umegusa penyewe. Naongezea la kadi, maana hapo ndipo michango inapovuja kimyakimya. Wengi wanaopotea hawajakasirika: kadi imeisha muda, imebadilishwa baada ya kupotea, au benki imezuia malipo ya nje. Ikigoma, usiijaribu mara tatu siku ileile, benki inaweza kudhani ni wizi. Acha siku 3, kisha 5, kisha subiri mwisho wa mwezi. Barua pepe iwe fupi, yenye kiungo kimoja tu cha kuweka kadi mpya, na vipindi msimkatie kabla ya wiki 2.

Halafu angalieni jina linalotokea kwenye taarifa ya benki. Stripe inatoa nafasi ya herufi 5 hadi 22. Andikeni jina la kipindi, siyo la kampuni mliyosajili. Mchangiaji akikuta jina asilolijua, anaiambia benki ameibiwa. Pesa inarudi kwake na nyinyi mnatozwa ada ya mgogoro, ambayo yaweza kuzidi mchango wake wa mwaka mzima.

---

Upande wa vipindi vya wachangiaji: kila mmoja apewe kiungo chake mwenyewe cha RSS (mlisho, yaani anwani ambayo app ya podikasti huisoma ili kuleta vipindi), na alama ya itunes:block iwekwe Yes ili mlisho usiorodheshwe hadharani. Kwenye Apple Podcasts anakibandika pale pa kufuata kipindi kwa kiungo. Spotify haina sehemu ya kubandika kiungo cha namna hiyo, kwa hiyo mwambieni kabla hajalipa.

Kiungo kikifunguliwa kutoka anwani 4 au 5 za mtandao, msirukie kusema kimeibwa. Simu, kompyuta na gari ni vitatu tayari, na mitandao ya simu hubadilisha anwani kila mara. Kipindi kimoja kikipakuliwa mara 60 kwa kiungo kimoja, hapo badilisheni hicho tu na mwandikieni mwenyewe kwa heshima. Huenda alikituma kwenye kundi akidhani ni cha wote.

---

Msisahau bando za watu. Maongezi yanatosha kabisa kwa MP3 ya mono (sauti ya chaneli moja), kilobiti 64 kwa sekunde: saa nzima ni MB 28.8. Kwa 128 ni MB 57.6. Palipo na muziki mwingi, 64 itauharibu.

---

Mkikutana moja kwa moja, tangazeni muda kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), kwa mtindo wa saa 24. "Saa 2 usiku" kwa mzoefu wa Kiswahili ni 20:00, ila aliyekulia lugha nyingine atasoma 02:00 na kukuta kikao kimeisha. Machi pana mtego zaidi: Marekani husogeza saa Jumapili ya pili, Ulaya Jumapili ya mwisho, hivyo tofauti yao hubadilika kwa wiki 2 au 3.

Na kwenye kuwashukuru kwa majina, ulizeni kwanza kama mtu anataka kutajwa. Akikubali, mwombeni arekodi jina lake kwa sekunde 5, msikilize kabla ya kufungua maikrofoni.