Kuunganisha majitaka na kutoa maji ya mvua, Upanga: maombi yanaanzia ofisi ipi?

Mwenye Kiwanja

Habari za leo, wanajukwaa. Nina kiwanja Upanga chenye nyumba ya zamani ya chini, ambayo nakusudia kuibomoa ili nijenge ghorofa tatu za kupangisha familia sita. Nyumba iliyopo inatumia karo na shimo la kunyonya lililo nyuma ya uwanja, ilhali bomba la majitaka la DAWASA, mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira ya Dar es Salaam, linapita mbele ya geti langu, na mtaro wa barabara wa maji ya mvua uko ng'ambo ya mtaa. Fundi ananishauri tukusanye vyoo, mabafu, majiko na mabomba ya paa katika chemba moja (shimo la ukaguzi lenye mfuniko), kisha tuunganishe mtaani mara moja, kwa hoja kwamba kibali kitakuwa kimoja na mtaro wa kuchimba utakuwa mmoja. Je, jambo hilo linaruhusiwa? Na maombi yapelekwe kwanza DAWASA, Halmashauri ya Jiji au TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini?

Mhandisi wa Chemba

Ndugu, ushauri huo ukatae kabla haujafika kwenye mchoro. Mabomba ya majitaka hupewa ukubwa kwa kufuata maji yaliyokwisha kutumika ndani ya nyumba, na mvua haimo katika hesabu hiyo. Paa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 50 kwa saa moja hutiririsha lita 10,000, kiasi ambacho familia zako sita kwa matumizi ya kawaida hazitakifikisha hata kwa siku nzima. Bomba la mtaani likielemewa, maji hurudi nyuma na kutokea mahali palipo chini kuliko pengine pote, ambapo mara nyingi ni choo cha mpangaji wa ghorofa ya chini, yako au ya jirani. Madhara hayaishii hapo, kwa sababu mabwawa ya kutibu majitaka, kama yale ya Vingunguti, hufanya kazi kwa kuyatuliza maji siku nyingi ili jua, mwani na bakteria vipate nafasi, na maji ya mvua yakiingia kwa wingi huyasukuma nje majitaka kabla muda wake haujatimia.

Kuhusu DAWASA, nenda mapema, hata kabla msanifu hajakamilisha ramani, ukaombe wataalamu waje kuona eneo na kukuonyesha chemba utakayoingilia. Siku hiyo uwepo mwenyewe pamoja na msanifu wako. Mfuniko ukifunguliwa, pimeni kwa futi kamba kutoka usawa wa mfuniko hadi kitako cha bomba, mahali maji yanapopita, kwa maana kipimo hicho kimoja ndicho kitakachoamua mambo mengi ya nyumba yako. Chukulia kwamba choo cha mbali kabisa kiko mita 24 kutoka chemba hiyo, na bomba la milimita 110 linalazwa kwa mteremko wa moja kwa arobaini: utashuka sentimita 60 njiani. Likianza sentimita 50 chini ya ardhi, basi kama uwanja ni tambarare litafika likiwa mita 1.1 kwenda chini. Chemba ya mtaani ikiwa na kina cha mita moja tu, itakubidi uinue sakafu au usogeze vyoo, na mabadiliko hayo hayana gharama yakifanyika kwenye karatasi. Nimeona watu wakiyafanya baada ya jamvi, yaani zege la sakafu, kumwagwa, tena kwa nyundo.

Karani wa Vibali

Nijazie upande wa ofisi. Upanga imo katika iliyokuwa Manispaa ya Ilala, ambayo tangu 2021 ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, kwa hiyo kibali cha ujenzi, na cha kubomoa pia, utakiomba huko. Ramani zako zionyeshe njia mbili zilizotengana, moja ya majitaka na nyingine ya maji ya mvua, kila moja ikiwa na chemba zake, vipenyo na viwango vya kina. Kiambatisho kutoka DAWASA kinachosema mtandao uko karibu na unaweza kukupokea hurahisisha sana mazungumzo na wataalamu wa afya na mipango miji.

TARURA wanahusika kwa sababu mtaro wa barabara na lami yenyewe viko chini yao, isipokuwa kama mtaa wako ni barabara kuu inayosimamiwa na TANROADS. Kwa hiyo kukata barabara ni kibali cha peke yake, na kurudisha lami katika hali yake ni juu yako.

Kuna jambo moja ambalo hukulitaja. Kama kiwanja kiko upande wa Jangwani, pima umbali wake kutoka Mto Msimbazi, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufuko wa bahari. Hapo hakuna mchoro mzuri utakaokuokoa.

Mkazi wa Ilala

Mimi nauliza tu: kwa nini asibaki na karo lake? Likijaa ataita gari la kunyonya, na hatadaiwa malipo ya majitaka kwenye ankara ya kila mwezi.

Mhandisi wa Chemba

Kwa nyumba ya familia moja hoja yako ina uzito. Kwa familia sita, na masika yanapopandisha maji ya ardhini, shimo la kunyonya halinyonyi tena, na gari litaitwa mfululizo katika wiki ambazo magari hayo hayashikiki. Malipo ya mwezi, ambayo viwango vyake huidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, angalau yanatabirika.

Mwenye Kiwanja

Nashukuruni sana. Kiwanja kiko mbali na mto. Naomba kuuliza mawili ya mwisho: maji ya paa nitayavushaje barabara bila kukata lami, na karo la zamani nilifanye nini?

Mhandisi wa Chemba

Kwanza waulize TARURA kama kuna kalvati karibu inayovuka mtaa, kwani huenda ukatiririsha kwa mfereji wa upande wako hadi hapo. Vyovyote itakavyokuwa, weka tangi la kupokea maji ya paa lenye tundu dogo la kutolea, ili mtaro upokee maji taratibu, na sehemu yake uitumie kumwagilia na kusafishia vyoo. Karo linyonywe lote, litobolewe kitako, lijazwe mchanga na kushindiliwa kwa matabaka, na mahali lilipo paonyeshwe kwenye ramani ili mhandisi wa msingi asisimamishe nguzo juu yake. Mtaro wa bomba usifukiwe kabla mkaguzi hajaona maungio na maji hayajapitishwa mbele yake.