Jibu: Tukutanie wapi kwa mvinyo, Kisumu na Nakuru?

Wapendwa Watanzania wenzangu mlioko magharibi mwa Kenya, hamjambo.

Dada yetu aliyehamia Kisumu kutoka Mwanza ameuliza kama tukutane hotelini, ufukweni au nyumbani kwa mmoja wetu. Mimi nasimama upande wa nyumbani, na nitaeleza kwa nini.

Kisumu ina joto, na mchana nyuzi hukaribia 30 mara nyingi, ilhali mvinyo mwekundu hupendeza ukiwa kati ya nyuzi 16 na 18. Hotelini chupa nyekundu huletwa moja kwa moja kutoka rafuni, na ukionja husikii tunda lolote, unasikia ukali wa pombe tu. Nyumbani naiweka kwenye friji nusu saa kabla wageni hawajafika, na ile nyeupe naizamisha hadi shingoni katika ndoo ya barafu iliyoongezwa maji, kwa sababu barafu tupu huacha nafasi na chupa hupoa upande mmoja.

Ufukwe wa Dunga naupenda mno kwa samaki na kwa jua linapotua ziwani, lakini giza likiingia wadudu wa ziwani huja kwa makundi wakifuata taa, na wengi huishia ndani ya glasi. Twende huko saa kumi, tule, kisha tuhamie kwa mwenyeji kabla ya magharibi.

Kama wengi watapendelea hoteli, basi mmoja wetu apige simu mapema kuuliza kama wanaruhusu mtu kuja na chupa yake, na kama ada ya kuifungua hutozwa kwa kila chupa au kwa kila mgeni. Baa za kawaida hazitufai, kwani sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliziruhusu kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, na muziki wake hauruhusu mazungumzo.

Nyumba nayo ichaguliwe kwa makini. Anayeishi gorofani azungumze kwanza na mlinzi na majirani, aulize lango hufungwa saa ngapi, na ahakikishe tuktuk zinapatikana karibu hata usiku, maana aliyekunywa hata glasi mbili asishike usukani. Polisi wa alkoblo, kile kipimo cha pombe kwa pumzi, wapo, na barabara yenyewe haina huruma. Wenzetu wasiotumia kileo waandaliwe juisi ya ukwaju iliyopoa vizuri, wala wasiulizwe sababu.

Napendekeza mtaa wa Milimani, kwa mama mwenye baraza lenye wavu wa mbu, endapo ataridhia.

Dada yenu, Kisumu

*

Dada, shikamoo, na asante kwa maelezo.

Huku Nakuru shida yetu ni kinyume chake. Mji uko juu, kwenye mita 1,850 hivi, na jioni barazani ni baridi, kwa hiyo sisi hukutana Jumamosi mchana, bustanini, na mvinyo mwekundu hauhitaji friji kabisa. Mkija, tutawafungulia mvinyo wa Leleshwa, ambao zabibu zake hulimwa Naivasha, ndani ya kaunti hii hii. Ninachoomba ni kwamba watakaotoka Kisumu walale kwetu. Vitanda vipo, ila mtujulishe idadi kabla ya Alhamisi ili tuazime magodoro.

Mdogo wako, Nakuru